Kupendezesha uani kwa bajeti ndogo: anza na maji, maua yatafuata

Ukimpa mzazi Sh50,000 apendezeshe uani wake, huenda nusu yake ikaishia kwa muuza miche wa barabarani. Atarudi na miche miwili ya waridi, kiroba cha samadi na matairi mawili ya kupandia maua, yamepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Wiki ya kwanza uani patapendeza na picha zitatumwa kwenye kundi la familia. Kisha inanyesha mvua kubwa moja. Samadi inasombwa, waridi zinalala kwenye tope, tairi moja linajaa maji na kukaa hivyo mwezi mzima, na mtoto anayetambaa anarudishwa ndani kwa sababu nje hapakaliki.

Kwa fedha hiyo hiyo angefika mbali zaidi kama angeanza na mambo ambayo hayaonekani kwenye picha: maji yanaelekea wapi, mtoto anakanyaga nini, na kitu gani pale uani kinaweza kumdhuru. Ukishayamaliza hayo, uzuri unaobaki hauhitaji fedha nyingi.

Tuseme ukweli, kwa wengi wetu uani ndiyo sebule. Zile nyumba za Kiswahili za Magomeni, Ilala au Temeke zimejengwa hivyo tangu zamani: vyumba pande mbili, korido katikati, na mlango wa nyuma unaotokea uani palipo na jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Mtu mzima anapita hapo akienda kazini na kurudi. Mtoto wa miaka miwili anashinda hapo kuanzia asubuhi hadi jioni.

Na mchana huo ndio wakati wa mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, au kidingapopo. Tofauti na mbu wa malaria anayeng'ata usiku, huyu hung'ata mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni. Chandarua cha kitandani kinamlinda mtoto anapolala, lakini hakimfuati uani. Dar es Salaam imepata milipuko ya ugonjwa huu zaidi ya mara moja, ukiwamo wa 2014 na ule wa 2019 ambapo wagonjwa zaidi ya 6,000 waliripotiwa nchini, wengi wao wakiwa wa jiji hilo.

Mbu huyu hahitaji bwawa wala mtaro. Anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo vidogo karibu na watu, yaani vitu ambavyo sisi wenyewe tumeviacha nyuma ya jiko.

Siku ya kwanza hutumii hata senti

Chukua kiroba, zunguka uani taratibu, ukiinama kila unapoona kitu kinachoweza kushika maji. Vifuu vya nazi vilivyotupwa baada ya kukuna. Ndoo iliyopasuka inayosubiri siku isiyofika. Vifuniko vya chupa, makopo, kiatu cha mvua, sahani zinazowekwa chini ya vyungu vya maua, mikunjo ya turubai lililofunika mkaa. Panda stuli uangalie juu ya ukuta ambao haujamaliziwa: matundu ya tofali za bloku hujaa maji ya mvua na hakuna anayeyaona. Yajaze mchanga.

Matairi yanastahili aya yao. Siku hizi ni pambo la kila mahali, kuanzia shule za chekechea hadi baa, na sina ugomvi na rangi zake. Lakini tairi lililolazwa lina mfereji wa ndani usiokauka kwa urahisi, lenye kivuli na takataka za majani. Mbu huyu hawezi kutengenezewa nyumba bora kuliko hiyo. Kama unalitaka, litoboe matundu manne au matano upande unaolala chini, kisha lijaze udongo hadi ndani ya mfereji wenyewe, pasibaki nafasi. Tairi la bembea litobolewe sehemu ya chini kabisa linaponing'inia. Kama huna wa kukutobolea, lipeleke kwa fundi.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Jike la mbu huyu hutaga mayai kwenye kingo za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri kuloweshwa tena. Ndiyo maana pipa la maji ya akiba linatakiwa kusuguliwa kwa brashi kwa ndani, kisha lifunikwe kwa mfuniko unaobana. Kitambaa kilichofungwa kwa kamba pia kinafaa, mradi kivutwe kisilegee katikati na kushika maji.

Fanya hivyo kila wiki. Tumezoea usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ni utaratibu mzuri, lakini kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku saba hadi kumi kwenye joto letu. Ukisubiri mwisho wa mwezi, vizazi viwili au vitatu vimesharuka.

Katika mzunguko huo huo, angalia mambo matatu ya hatari. La kwanza ni mfuniko wa chemba au shimo la choo: kama umepasuka, unacheza au umefunikwa kwa bati, hapo ndipo shilingi ya kwanza ya bajeti yako inapokwenda, kabla ya kitu kingine chochote. La pili ni maji yaliyoachwa kwenye ndoo na beseni. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito. Akiinama na kutumbukia, maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha, na hapigi kelele. La tatu ni vitu vya sumu vilivyowekwa mahali pabaya: mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, dawa ya kuzibulia choo, sumu ya panya, na betri chakavu za gari ambazo mtu anasema ataziuza. Betri hizo zina madini ya risasi yanayoathiri ubongo wa mtoto. Ziuze wiki hii.

Maji ya vyombo yanaishia wapi?

Sehemu mbaya kuliko zote kwenye uani mwingi ni pale panapooshewa vyombo na kufuliwa. Pana tope la kudumu, jeusi, lenye harufu, na bata wa jirani wamepageuza kituo chao. Ukipatengeneza hapo, uani mzima unabadilika sura. Ndiyo maana ningeweka sehemu kubwa ya fedha hapo.

Anza kwa kujua ardhi yako inainamia wapi. Mwaga ndoo ya maji katikati ya uani uangalie yanakokwenda. Kama yanarudi kwenye msingi wa nyumba, jembe na reki vitafanya kazi ya asubuhi moja: chota udongo upande wa mbali, ulete karibu na ukuta, kisha ushindilie. Mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita moja unatosha. Fundi hupima kwa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji ndani yake. Ukiwa na mpira kama huo na mtu wa kushika upande wa pili, wewe pia unaweza.

Baada ya hapo chimba shimo la kunyonya maji. Kwa familia moja inayoosha vyombo na kufua kwa kiasi, shimo la mita moja kila upande na kina cha mita moja linafaa kuanzia. Lijaze mawe au vipande vya tofali na vifusi, vikubwa chini na vidogo juu, kisha weka kipande cha kiroba na mchanga. Maji yanapita kwenye mawe na kuzama taratibu bila kuonekana. Liwe angalau mita tatu kutoka kwenye msingi wa nyumba. Kama kuna kisima, umbali unaoshauriwa ni mita 30, na kama kiwanja hakitoshi kwa hilo, usichimbe; tafuta njia ya kuyafikisha maji upande mwingine.

Kwenye ardhi ya mchanga, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam na pwani, shimo hili hufanya kazi vizuri. Kwenye mfinyanzi hujaa haraka. Lijaribu kwanza: chimba kishimo cha futi moja, kijaze maji, subiri yaishe, ujaze tena. Kama mara ya pili maji bado yamesimama asubuhi ya kesho yake, fedha ya shimo itapotea bure.

Juu ya yote hayo panahitajika karo dogo la saruji la kuoshea. Mfuko mmoja wa kilo 50, ambao umekuwa ukiuzwa kati ya Sh14,000 na Sh20,000 kutegemea chapa na eneo, unatosha kumwaga zege la mita 1.2 kwa mita 1.2 lenye unene wa sentimita saba na nusu, na ukabaki kidogo wa kuinulia kingo. Kipimo ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Acha mwinuko upande mmoja, na upande wa pili tundu la bomba la kuelekea shimoni. Weka wavu mdomoni mwa bomba ili mabaki ya wali na maganda yasizibe. Ukishamwaga, lifunike kwa magunia mabichi na ulimwagilie kwa siku saba. Zege lisilomwagiliwa hupasuka mapema, na mafundi wengi wa haraka hawakuambii hilo.

Kama hata kiasi hicho ni kikubwa, panda migomba miwili au mpapai na magimbi pale maji yanapoishia. Mimea hiyo hunywa sana. Usielekeze maji ya sabuni au ya dawa ya kung'arishia nguo kwenye mchicha.

Chini ya miguu ya mtoto

Sisi ni watu wa kufagia. Uani uliofagiliwa kwa chelewa alfajiri hadi mistari inaonekana una heshima yake, na bibi zetu walijua wanachofanya: nyoka huonekana mapema, na majani hayakai. Ila uwanja unaofagiliwa miaka 10 mfululizo hushuka. Kila siku unaondoka na udongo kidogo, mpaka msingi wa nyumba unabaki nje kama fizi. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope.

Siku hizi jibu la kila mtu ni pevingi. Zina sura nzuri, lakini kwa uani mdogo wa familia yenye watoto wadogo naziona ni fedha iliyowekwa pasipostahili. Saa nane mchana zinachoma nyayo, na kama zimepangwa na fundi asiyejua mteremko, zinapeleka maji ya mvua mlangoni kwako au kwa jirani. Ugomvi wa maji ya jirani unaujua.

Ukoka ni bure. Ni ile nyasi inayotambaa yenyewe kando ya njia na watu wanaing'oa kwa hasira. Omba magunia mawili kwa mtu anayepalilia, ikate vipande vya urefu wa kiganja vyenye vifundo, vichomeke kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20 mwanzoni mwa mvua, na uzuie watu kupita kwa wiki kadhaa. Huhitaji kufunika uani wote. Kipande cha mita tatu kwa mita tatu kinamtosha mtoto kucheza, na kwingine unaendelea kufagia. Njia ya kutoka mlangoni hadi bafuni iwekee kokoto au vipande vya tofali vilivyoshindiliwa, watu wasibebe tope kuingia nalo ndani.

Kuna wanaomwaga oili chafu ya gari ili kutuliza vumbi au kufukuza mchwa. Oili hiyo ina kemikali zinazohusishwa na saratani, na mtoto anayecheza chini huipata mikononi kisha mdomoni. Kwa vumbi, maji na kivuli vinatosha.

Halafu kuna kuku. Najua hapa naingia kwenye mali ya mtu, na mayai ya kienyeji ni lishe ya mtoto huyo huyo. Lakini mtoto anayetambaa huweka mdomoni kila anachookota, na kinyesi cha kuku hubeba vijidudu vinavyosababisha kuharisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Chakula ni sehemu kubwa ya tatizo hilo, lakini si chote. Mtoto anayeugua tumbo mara kwa mara hunufaika kidogo na hata kile kizuri anachokula. Banda la mabanzi na wavu pembeni, kuku wakabaki humo mtoto anapokuwa nje, linagharimu kidogo kuliko safari tatu za zahanati. Kama huna banda, tenganisha sehemu ya mtoto: mkeka unaooshwa, kwenye kona iliyozungushiwa wavu.

Mchanga wa kuchezea nao ufunikwe usiku, kwa sababu paka huufanya choo. Egemeza turubai liiname upande mmoja, lisije likawa bwawa.

Kijani cha kula, na kijani cha kuogopa

Kwa bajeti ndogo napendelea mboga kuliko maua, kwa sababu mboga hurudisha fedha. Gunia la kilo 50 linatosha kuanzia. Changanya udongo na samadi iliyooza kabisa, iliyo nyeusi na isiyo na harufu, kwa sababu samadi mbichi huunguza miche na hubeba vijidudu. Katikati ya gunia simamisha kopo kubwa lililotolewa kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo, livute juu, ujaze tena, mpaka unapata nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Maji unayomwagia hapo hufika hadi mizizi ya chini. Toboa pembeni na chomeka sukuma wiki au chainizi. Juu panda vitunguu vya majani. Mchicha unauchuma ndani ya wiki tatu au nne, na matembele huhitaji kipande cha shina tu. Usitumie kiroba au ndoo iliyowahi kuwekwa dawa ya kuulia wadudu, hata kama imeoshwa mara ngapi.

Kabla hujapanda ua wa miti, jua unachopanda. Mnyaa ni rahisi, hukua bila maji na mbuzi hausogelei, lakini utomvu wake mweupe ukiingia machoni huunguza vibaya. Watoto hukata matawi yake wakichezea. Likitokea hilo, suuza jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Mbono kaburi unaopandwa kama uzio una mbegu ambazo watoto huzifananisha na karanga, na zinatapisha na kuharisha vibaya. Mbegu za mbarika ni hatari zaidi. Oleanda, yenye maua mazuri ya waridi yanayopambia barabara nyingi, ina sumu kila sehemu, inayogusa moyo. Mtoto akimeza chochote kati ya hivi, au mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa ukisubiri. Mkimbize hospitali na ubebe tawi au chupa yenyewe.

Kama nyumba ni ya kupanga

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na nawaelewa. Unaweka zege leo, mwakani kodi inapanda kwa sababu "nyumba imekuwa nzuri". Kwa mpangaji, tenganisha vinavyohamishika na visivyohamishika. Magunia ya mboga, vyungu, benchi la mabanzi na kivuli cha turubai ni vyako, utaondoka navyo. Shimo la maji, karo na mfuniko wa chemba ni vya mwenye nyumba. Mwombe akukate kwenye kodi, na makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu. Mfuniko wa chemba usiusubiri. Changishaneni wapangaji wote, kwa kuwa watoto wote wanapita hapo.

Zamu ya kufagia na kusugua mapipa ibandikwe mlangoni mwa korido. Bila karatasi hiyo, kazi yote itamwangukia mama mmoja, na akichoka uani utarudi ulivyokuwa.

Vikishakamilika hivyo ndipo ununue chokaa. Ndoo moja iliyoloweshwa na kuchanganywa chumvi kidogo inang'arisha ukuta mzima wa uani, na hakuna rangi ya dukani inayofanya hivyo kwa bei yake. Watoto wasiwepo wakati wa kuiloweka wala kuipaka, kwa sababu huunguza macho. Kwa kivuli cha haraka panda madodoki chini ya waya: ndani ya miezi michache yanafunika juu, na ukiyaacha yakauke unapata dodoki la kuogea. Pasheni huchelewa zaidi, karibu mwaka, lakini hukaa miaka.

Maua yenyewe omba kwa jirani. Tawi la bogenvilia lililokomaa, la urefu wa penseli moja na nusu, likate mshazari, ondoa majani ya chini na ulichomeke kwenye udongo wenye mchanga mwanzoni mwa masika. Chomeka matano, kwa kuwa mawili au matatu yatakufa. Lina miiba, hivyo lisukumie ukutani, mbali na njia ya mtoto.